Mbwa wa Ninawa

Ikitajwa sanamu ya mbwa, wengi wetu hugeuza uso na kusema, "Astaghfirullah." Siwalaumu, kwani ndivyo tulivyolelewa. Lakini leo nawaomba wasomaji wanivumilie kidogo, tutazame mawe ya Ninawa, mji aliopelekwa Nabii Yunus. Magofu yake yako Mosul, nchini Iraq.

Yapata mwaka 645 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mfalme Ashurbanipal aliwaamuru mafundi wachonge kwenye kuta za jumba lake habari za uwindaji wake. Mbwa wake ni wakubwa, wenye shingo nene na vifua vipana. Wamefunguliwa kuwafukuza punda-mwitu, na mmoja wameshamrukia wanamng'ata. Punda jike anakimbia kuokoa roho yake, lakini kichwa amekigeuza nyuma, anamtazama mtoto wake.

Fundi yule aliwekwa kumsifu mfalme, na amemsifu. Hata hivyo, uchungu wa mama yule hakuuficha.

Mawe hayo yalifukuliwa mwaka 1853 na Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, na mengi yamo katika British Museum, London. Ama punda-mwitu wa Iraq na Shamu, waliwindwa hata jinsi yao ikatoweka duniani katika miaka ya 1920. Waliobaki ni hao wa mawe.

Mwaka 2014 watu wenye silaha walioiteka Mosul waliulipua msikiti wa Nabii Yunus. Mwaka 2015 wakaonyesha picha zao wakivunja masanamu ya kale katika jumba la makumbusho la mji huo, wakidai wanalinda dini.

Kwa maoni yangu, dini haikulindwa hata kidogo. Ni nani leo amsujudiaye mbwa au punda wa Ashurbanipal? Kurani, katika Sura ya Al-Maida, imetuhalalishia mawindo ya wanyama waliofundishwa kuwinda, likitajwa jina la Mwenyezi Mungu. Tena imetuhimiza tutembee katika ardhi tuone mwisho wa waliotutangulia. Tutauona wapi ikiwa kila athari yao imevunjwa?

Ninawa ilitekwa na kuteketezwa mwaka 612 kabla ya Isa. Mfalme aliyetaka ushujaa wake ukumbukwe hana ufalme tena, na leo mtazamaji humwonea huruma punda. Wazee, tuwaache vijana wetu wayatazame mawe haya na kuyauliza maswali. Kutazama kwa mazingatio si kuabudu.