Kutengwa kwa Ajili ya Mungu si Kutengana na Jirani

Leo tuna neno moja la kugombana nalo: kutengwa.

Katika makanisa yetu mengi neno hili lina maana mbili. Binti akipata mimba kabla ya ndoa, anatajwa mbele ya ibada: ametengwa. Haimbi tena kwaya, hapokei meza ya Bwana. Kijana aliyempa mimba mara nyingi hatajwi kabisa! Halafu Jumapili hiyohiyo sisi tuliobaki tunaambiwa kwamba tumetengwa kwa ajili ya Mungu. Basi, yupi ametengwa, na kwa ajili ya nani?

Wako wanaofundisha kwamba mtakatifu ni yule anayekaa mbali. Usicheze mpira na vijana wa kanisa lile. Usiende kwenye mafunzo ya ushonaji, eti utakaa na watu wa kabila lile, utachafuka. Sisi tunasema hapana. Huo ni ukabila na majivuno, vimevalishwa tu suti ya ibada.

Fungueni Mambo ya Walawi sura ya 19. Inaanza na Mungu akiwataka watu wake wawe watakatifu. Na inaendelea na nini? Masalio ya mavuno yaachwe shambani kwa ajili ya maskini na mgeni. Mshahara wa kibarua usilale kwa tajiri. Kipofu asiwekewe kikwazo njiani. Mizani iwe ya haki. Mgeni apendwe kama mwenyeji, kwa sababu Waisraeli nao walikuwa wageni Misri. Mgeni huyo ni sisi! Kwa hiyo anayepunja kilo ya maharage sokoni, hata akifunga na kuomba juma zima, utakatifu wake bado una kasoro.

Mtatujibu kwamba Paulo aliwaambia Wakorintho watoke, wajitenge. Ni kweli. Lakini tunajitenga na uovu, hatujitengi na mtu. Danieli alikuwa mateka Babeli, mbali na kwao kama sisi. Alikataa chakula cha mfalme, lakini kazi kwa mfalme aliifanya, tena vizuri.

Na kama mnataka mfano wa karibu, tazameni mwaka 1997. Tarehe 18 Machi, hapa Rwanda, wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, wakawaamuru wanafunzi wajigawe, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, na baadhi yao wakauawa. Leo wanahesabiwa kati ya mashujaa wa taifa. Tarehe 30 Aprili ikawa Burundi, seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Amri ilikuwa ileile, na jibu lilikuwa lilelile. Waliuawa vijana 40.

Sikieni vizuri: seminari ni mahali pa kuwaandaa watu watengwe kwa ajili ya Mungu. Na vijana hao ndio waliokataa kutengwa na wanadamu wenzao. Kama walikosea, basi hatujui utakatifu ni kitu gani.

Nanyi ndugu wa mashirika, mkiona vijana wanakataa kukaa kikundi kimoja, msiseme, "Ni dini yao, tuwaache." Kaeni na wachungaji, waulizeni wanafundisha nini. Imani yetu si ukuta, wala msikubali itumiwe kama ukuta.

Vijana, juma hili tufanye mambo mawili. Tumtembelee dada aliyetengwa kanisani kwetu, tuketi naye, tumsaidie mtoto. Na kwenye mazoezi ya kwaya au ya mpira, tumwalike mmoja wa upande ule tunaoambiwa tuukimbie. Atakayeuliza kwa nini, mwambieni: kwa sababu sisi ni wa Mungu.