Damu Haijasema: Maradhi ya Akili na Wajibu wa Wanakiswahili Nakuru

Mzazi anayetoka Njoro, Molo au Kuresoi kumpeleka mwanawe hospitalini Nakuru aghalabu huwa na ombi moja: damu ipimwe ijulikane mtoto ana nini. Ombi hilo si la ujinga. Malaria hupimwa kwa tone la damu, kisukari vivyo hivyo, na virusi vya UKIMWI pia. Kwa nini basi mtoto wa miaka minne asiyetamka neno wala kumtazama mamake usoni aondoke maabara bila jibu? Ukweli ni kwamba maradhi kama skizofrenia na sonona, na hali kama usonji, hayana hadi leo kipimo cha damu cha kutegemewa cha kuyatambulisha. Hakipo Nakuru, na hakipo London.

Hata hivyo, matumaini ya mzazi huyo yana asili. Mnamo 1906 August von Wassermann na wenzake nchini Ujerumani walivumbua kipimo cha damu cha kaswende, na wagonjwa wengi waliokuwa wamefungiwa katika hospitali za wendawazimu barani Ulaya wakabainika kuwa akili zao ziliharibiwa na maradhi hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mmarekani Robert Guthrie alionyesha kwamba tone la damu la kisigino cha mtoto mchanga latosha kugundua fenilketonuria, ugonjwa ambao hudumaza akili mtoto asipopewa chakula maalumu mapema.

Baada ya hapo safari imekuwa na vikwazo. Mwaka 1961 Schain na Freedman waligundua kwamba baadhi ya watoto wenye usonji wana serotonini nyingi katika damu. Ugunduzi huo haujakanushwa, lakini haumfai daktari, kwani watoto wengi wenye usonji hawana ziada hiyo. Protini ya ubongo iitwayo BDNF, ambayo hupungua katika damu ya wenye sonona, hupungua vilevile kwa wenye skizofrenia. Ni kweli kwamba mnamo Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu cha kusaidia kutambua ugonjwa wa Alzheimer, lakini huo ni ugonjwa wa wazee na dalili zake ndani ya ubongo zilikwisha kujulikana. Kwa maradhi mengine, kazi ya damu ni kuondoa shaka: je, tezi ya shingoni inafanya kazi? Je, ni malaria iliyopanda kichwani? Na kwa anayetumia lithiamu, je, dawa imezidi kiasi?

Kinachobaki mkononi mwa mhudumu, basi, ni swali. Na swali ni lugha. Hapa ndipo wanakiswahili wanapohusika, wapende wasipende. Hojaji ya PHQ-9 yenye maswali tisa kuhusu sonona imetafsiriwa kwa Kiswahili na kutumiwa magharibi mwa Kenya. Maswali kama hayo humfikia mama wa Kuresoi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu. Akisema "nina mawazo", amesema mengi. Neno hilo hilo darasani ni fikra au maoni. Kinywani mwake ni usiku usio na usingizi, labda tangu alipohamia kambi ya uwanja wa maonyesho wa Nakuru baada ya uchaguzi wa 2007. Mfasiri asiyelijua hilo atamwandika kuwa mzima.

Utafiti nao umefika karibu. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Moi kilichoko Eldoret, ulikusanya mate ya maelfu ya watu katika nchi nne za Afrika ili kuchunguza jeni. Mate yana afadhali, maana katika nchi zilizowahi kuogopa mumiani, kumwomba mtu damu apelekewe mgeni wa mbali si jambo dogo. Fomu ya ridhaa ikiandikwa kwa Kiswahili kigumu kuliko Kiingereza chenyewe, saini iliyotiwa chini yake haina thamani.

Licha ya hayo, tasnifu za Kiswahili zinaendelea kurundikana kuhusu lugha ya matatu na ya matangazo ya simu. Si vibaya, lakini ni ngapi zimeketi katika kliniki ya akili na kusikiliza? Istilahi zenyewe bado zinagongana. Wapo wasemao usonji na wapo wasemao tawahudi. Mtaani mtoto huyo huyo ni taahira au punguani, na mtu mzima ni kichaa wa kupelekwa Mathari. Pendekezo lililo wazi ni kwamba wanafunzi wa isimu na wale wa tiba, ambao Egerton pekee huwatenga kwa kilomita zisizozidi thelathini kati ya Njoro na mjini Nakuru, waandae pamoja faharasa fupi ya kliniki na kuijaribu kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kuichapisha.

Kwa sasa, mzazi wa Molo huenda akarejea nyumbani na karatasi yenye neno moja la Kiingereza. Nyanya ya mtoto atamwuliza mlangoni damu imesema nini, naye atalazimika kutafuta neno la kumjibu.