Tuache kupokea giaboksi kwa kifua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi mafundi wa magari tumelinyamazia kwa muda mrefu. Nalo ni namna giaboksi za otomatiki zinavyoshushwa katika gereji zetu nyingi za mitaani.

Magari mengi yanayoingia nchini siku hizi yamekwisha kutumika Japani, na mengi ni ya otomatiki. Lakini kazi bado inafanywa kwa mazoea ya giaboksi za mkono. Gari linainuliwa kwa jeki moja, vijana wawili wanalala chali, bolti zinafunguliwa, na mzigo unapokelewa kwa mikono na kifua. Ndugu Mhariri, giaboksi ya otomatiki pamoja na toki konveta yake huweza kuzidi kilo 60. Tena hiyo konveta haikufungwa kwa bolti upande wa giaboksi. Imechomekwa tu, na ndani ina oili. Giaboksi ikiinama mbele kidogo, pande hilo la chuma huchomoka na kumwangukia aliye chini. Na aliye chini mara nyingi si fundi mkuu, bali ni kijana anayejifunza kazi, asiye na mkataba wala wa kumlipia hospitali.

Wapo watakaosema vifaa ni ghali. Ni kweli, jeki ya giaboksi si ya bei ya karanga, lakini gereji tatu au nne zilizo jirani zinashindwaje kuchangia moja? Na kufuata utaratibu hakugharimu hata senti. Gari likae juu ya stendi imara, waya wa betri utolewe, oili imwagwe, injini iwekewe kitu cha kuibeba. Kisha fundi azungushe injini taratibu kwa spana, afungue bolti za konveta moja baada ya nyingine mpaka iachane na flaiwili. Ndipo afungue giaboksi, na vitu hivyo viwili vishuke pamoja, konveta ikiwa imezuiwa isichomoke.

Kurudisha ndiko kunakowatia hasara wenye magari. Konveta huzungushwa kwa mkono huku ikisukumwa, nayo huzama kwa hatua mpaka ikamate pampu ya oili. Giaboksi ikishagusana na injini, kabla ya kufunga bolti za konveta, lazima konveta izunguke kwa mkono na kuwe na nafasi ndogo kati yake na flaiwili. Fundi akiona giaboksi inakataa kukaa, akaamua kuivuta kwa kukaza bolti, anavunja pampu. Nimeletewa magari ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara mwenye gari alikuwa ameambiwa kwamba giaboksi aliyonunua ilikuwa mbovu tangu dukani. Maskini, alikuwa tayari kununua ya pili!

VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu mzuri wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mtaani. Naomba fundi wa magari asipewe cheti hicho kabla hajashusha giaboksi ya otomatiki na kuirudisha mbele ya mpimaji, si kwa kuulizwa maswali tu. Na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi usiishie kwenye viwanda na karakana kubwa zenye mageti. Ufike na chini ya miembe, ambako ndiko vijana wetu wengi wanakojifunzia kazi hii.

Nanyi wenye magari, kabla ya kukabidhi ufunguo chungulieni uvunguni mwa gari lililopo pale, muone limebebwa na nini.

Je, wahusika wanasemaje?

Fundi wa Magari,
Morogoro.