Tunabomoa ukuta ili tuzibe ufa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa kizazi cha intaneti ya nyumbani tumeigeuza methali hiyo miguu juu. Kompyuta ikianza kusuasua tunazima antivairasi, tunazima fayawoli, tunampa fundi neno la siri, na waya wa mtandao tunauacha umechomekwa vilevile. Tunabomoa ukuta ili tuzibe ufa. Wiki ya pili tunaulizana mwizi kapita wapi.

Leo nina ugomvi na watu watatu: fundi, kampuni inayotuuzia intaneti, na sisi wateja. Hoja yangu ni moja tu. Saa ya matengenezo ndiyo saa ambayo kompyuta yako ni dhaifu kuliko saa nyingine yoyote, na ndiyo saa ambayo hakuna anayejiona ana jukumu la kuilinda.

Anayedhani natia chumvi akumbuke mwaka 2003. Tarehe 16 Julai Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa ndani ya Windows 2000 na XP. Tarehe 11 Agosti, hata mwezi haujatimia, mdudu aliyepewa jina la Blaster akaanza kuzurura. Hakuhitaji ubofye kitu wala ufungue barua pepe. Kompyuta isiyo na kiraka ikiingia mtandaoni tu, imekwisha: unaona kisanduku kinahesabu sekunde 60, kisha mashine inajizima na kujiwasha. Sasa sikia kichekesho chenyewe. Watu walifomati diski, wakapiga Windows upya kwa CD ileile ya zamani, wakaingia mtandaoni kutafuta kiraka, na wakaambukizwa tena kabla kiraka hakijamaliza kushuka! Dawa ilikuwa ng'ambo ya barabara, gari likawagonga katikati.

Na fayawoli je? Ilikuwemo ndani ya XP, ila kwenye mashine nyingi ilikaa imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe. Agosti 2004 ndipo Microsoft walipotoa SP2 ambayo iliiwasha yenyewe, miezi michache baada ya mdudu mwingine, Sasser, kutembeza kichapo cha namna ileile. Yaani mlinzi alikuwa kaajiriwa, ila hakuna aliyemwamsha.

Enzi hizo wengi wetu huku tulikuwa na kinga ya umaskini. Unaingia mtandaoni kwa laini ya simu au kwenye kafe, unasoma barua, unatoka kwa sababu dakika zinakula hela. Julai 2009 ukaja mkongo wa SEACOM, 2010 ukafuata EASSy, na baadaye faiba ikaanza kuingia mitaani. Sasa ruta inawaka sebuleni usiku na mchana, pembeni ya televisheni, hata mkiwa mmelala. Mlango umepanuka mara mia. Tabia zetu zimebaki zile za kafe.

Najua jibu la wajuzi: "Hayo ya Blaster yamepita, siku hizi ruta ya nyumbani inakulinda." Ni kweli kiasi. Ruta inazificha kompyuta zako nyuma ya anwani moja, na anayebisha hodi kutoka nje bila kuitwa hapati jibu. Lakini kinga hiyo haina msaada kwa adui uliyemwingiza mwenyewe, wala kwa yule ambaye tayari yumo ndani. Na wakati wa matengenezo wote wawili wanapata nafasi.

Chukua karakana ya kawaida, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue. Kompyuta yako inawekwa mezani pamoja na nyingine kumi zilizoletwa kwa sababu zinaumwa, zote kwenye mtandao mmoja, flashi moja ikizunguka kutoka mashine hadi mashine. Tunaita karakana, ila ni wodi isiyo na pazia. Mwaka 2017 tuliona wodi ya namna hiyo inavyofanya kazi. Kiraka kilitoka tarehe 14 Machi, na tarehe 12 Mei mdudu WannaCry akasambaa katika nchi zaidi ya 150, akiruka kutoka mashine hadi mashine ndani ya mtandao uleule na kufunga mafaili ya watu hadi walipe. Ruta ya mlangoni haisaidii kitu ikiwa mgonjwa na mzima wanalala kitanda kimoja.

Kisha fundi anapiga Windows ya kuchakachua. Ili kraki ifanye kazi anakwambia lazima antivairasi izimwe "kwa dakika mbili tu". Hebu fikiri. Programu usiyoijua ilikotoka, inayodai mlinzi aondoke kwanza, unaipa funguo zote za nyumba! Mwishoni mwa 2021 watafiti wa usalama walieleza jinsi vifurushi vilivyojiita KMSPico vilivyokuwa vikibeba CryptBot, programu inayoiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Fundi si lazima awe mwizi. Inatosha awe na haraka.

"Mteja hana hela ya leseni," atasema. Sawa, hela ni ngumu, nami naijua. Lakini Ubuntu ni bure. Faili la kusimika Windows linapakuliwa bure kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe, na kinga ya Defender imo ndani yake bila kulipia senti. Kisingizio cha umaskini hakielezi kwa nini tunapakua kutoka kwa asiyejulikana.

Nikigeukia kampuni za intaneti, ndipo napandwa na hasira. Kijana aliyekuja kutufungia faiba nyumbani aliacha neno la siri la kuingilia mipangilio ya ruta likiwa "admin". Nilipolibadilisha mbele yake akanuna.

"Kaka, ukibadilisha hilo tutashindwa kukusaidia ukipata shida."

Mnisaidie ninyi, au anisaidie kila mtu duniani anayelijua neno "admin"? Mwaka 2016 mdudu Mirai alizunguka akijaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, 60 na ushee tu, akakusanya jeshi la kamera na ruta za majumbani. Tarehe 21 Oktoba jeshi hilo likaiangusha kampuni ya Dyn, na Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi Marekani na Ulaya. Mwaka 2018 ikagundulika VPNFilter, imekaa kimya ndani ya vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ruta za kawaida kama yako. Uingereza wamechoka: tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria yao inakataza kuuza vifaa vya mtandao vyenye neno la siri moja kwa wote. Na sisi tudai hivyohivyo, kwa sauti, kwa sababu tunalipa kila mwezi.

Wa tatu ni sisi. Tunachagua fundi kama tunavyochagua nyanya, kwa bei na tabasamu. Mimi ni mwandishi wa habari. Ndani ya kompyuta yangu kuna majina ya watu waliozungumza kwa ahadi kwamba hawatatajwa. Folda ile ikifunguka, atakayefukuzwa kazi si mimi. Wewe una nakala ya kitambulisho cha NIDA, mkataba wa kazi, picha za mtoto, barua pepe inayofungua akaunti zako zote. Usiseme huna cha kuibiwa.

Utaratibu wenyewe haumshindi mtu. Weka nakala ya mafaili kwenye diski ya nje, kisha uichomoe. Ondoa akaunti zako kwenye mashine kabla haijatoka nyumbani. Chomoa waya, zima waifai. Pakua faili la kusimika kwa kompyuta nyingine iliyo salama, kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Windows 11 itang'ang'ania intaneti wakati wa kusimikwa. Basi iunganishe kwenye ruta yako iliyofungwa vizuri, si kwenye mtandao wa karakana. Ikishawaka, hakikisha fayawoli iko kazini, kisha vuta masasisho yote kabla ya kitu kingine chochote. Muziki utasubiri. Kama fundi alitumia AnyDesk au TeamViewer, ifute akimaliza. Na ruta: badilisha neno la siri la mipangilio, zima njia ya kuiendesha kutoka nje, sasisha programu yake.

Jambo moja zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Anayeyapata ni yule tu aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Fundi anayekupigia Windows 10 leo bila kukwambia hivyo anakurudisha 2003, tena pabaya zaidi: wale wa Blaster angalau walikuwa na kiraka cha kukimbilia.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hela, muulize fundi maswali matatu. Unaipiga kutoka wapi? Utaiunganisha kwenye mtandao gani? Umeacha nini kimezimwa? Akikwambia hayo hayakuhusu, beba mashine yako uende kwa mwingine. Wapo.