Hezi 500 Si za Kila Honi

Jumamosi nilikaa sebuleni kwa jirani yangu, mbele ya spika alizojiundia mwenyewe: chini wufa ya inchi 15, juu honi ya mbao yenye draiva ya kompresheni ya inchi 1. Kila sauti ya mwimbaji ilipopanda, ilikwaruza kama karatasi inayochanwa. Nikamuuliza krosova, inayogawa sauti kati ya wufa na honi, ameikata wapi. "Hezi 500, kama spika ya Altec A7." Nilimwelewa, maana hata mimi napenda honi inayobeba sauti ya mtu nzima, isiyopasuliwa katikati. Lakini A7 ya hezi 500 ilikuwa na honi yenye mdomo mpana, ingawa koo la draiva yake lilikuwa la inchi 1 vilevile. Altec wenyewe walipofunga honi ndogo walipanda hadi 800. Ng'ombe haelemewi na nunduye, ila kiwambo kidogo cha draiva huelemewa na nundu ya mwenzake: ukishuka oktavu moja kwa sauti ileile, kinalazimika kucheza umbali mara 2, na chini ya kikomo chake honi haikisaidii tena. Kupanda mno nako kuna hasara, kwani kwenye hezi 2,000 wufa ya inchi 15 humulika kama tochi, na aliyeketi pembeni ya kochi anakosa maneno. Anayenakili namba ya spika maarufu bila kuipima honi aliyonayo anaiua draiva nzuri. Tulibadilisha koili na kapasita, tukapanda hadi hezi 1,200, tukaurudia wimbo uleule. Mkwaruzo haukuwepo.