Kinga Si Dawa: Bakteria wa Udongo, Nyanya za Taveta na Wajibu wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Usemi huu umezoeleka mno hata tofauti iliyopo baina ya maneno yake mawili haizingatiwi tena. Katika mashamba ya Taveta, hata hivyo, tofauti hiyo yaweza kuamua iwapo mkulima atavuna au atang'oa.

Taveta hutegemea maji ya mto Lumi na chemchemi za Njoro kukuza ndizi, nyanya na mboga. Miongoni mwa maadui wakubwa wa nyanya ni kirusi kinachoenezwa na inzi weupe. Majani hujikunja na kugeuka manjano, mmea hudumaa, maua hupukutika. Ng'ambo ya mpaka, nchini Tanzania, wakulima huuita ugonjwa huu rasta. Mmea ukishaambukizwa hauna tiba. Sumu inayopulizwa humwua inzi tu, haikigusi kirusi. Na inzi nao huizoea sumu hiyo.

Ni katika hali hii ambapo bakteria wa udongo wanastahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 1996, watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, walionyesha kwamba bakteria wa mizizini, wakiwemo Pseudomonas fluorescens, wanaweza kupunguza makali ya kirusi cha mozaiki katika matango na nyanya. Ajabu ni kwamba bakteria hao hawakutani na kirusi. Wao hukaa mizizini, kirusi kikawa majanini. Wanachofanya ni kuuamsha mmea: ishara za kikemikali husafiri kutoka mzizini, na majani huwa tayari kujihami kabla adui hajabisha hodi.

Hapa ndipo suala la kisayansi linapogeuka kuwa suala la lugha. Sokoni, neno "dawa" hubeba sumu ya wadudu, tiba ya ukungu na hata mbolea ya majani. Bakteria hawa wakiitwa dawa, mkulima atasubiri majani yajikunje ndipo awanunue, ilhali walipaswa kutiwa kwenye mbegu au kitaluni. Hatapata nafuu, atahisi amepunjwa, na hatawajaribu tena. Neno "bakteria" nalo lina doa lake. Aliyelijua darasani kupitia kipindupindu na kifua kikuu ana haki ya kushtuka akiambiwa awapake kwenye mbegu zake.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kuyaeleza haya. Dai hilo halina mashiko. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Isitoshe, wakulima wenyewe wameubatiza ugonjwa wa mozaiki ya muhogo jina la batobato, neno linalomchorea msikilizaji jani lenyewe. Aidha, mkulima wa Kenya si mgeni wa bakteria: Biofix, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, huuzwa ikiwa na raizobia wanaoisaidia mikunde kupata naitrojeni.

Wengine watasema kwamba sayansi hii bado ni changa. Hoja hiyo ina uzito. Matokeo hutofautiana kulingana na aina ya bakteria, mbegu na udongo, na linalofaulu katika kitalu cha majaribio huenda likafifia shambani. Lakini hiyo ni sababu ya kuchagua maneno kwa uangalifu zaidi. Bakteria hawa "hupunguza", hawa"malizi", "huchelewesha", hawa"ponyi". Mkulima bado atahitaji mbegu stahimilivu, kuwadhibiti inzi na kung'oa mimea iliyougua.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo itabaki karatasini iwapo wanafunzi wa Kiswahili watahakiki riwaya na tenzi pekee. Inafaa vyama vyao vishirikiane na wanafunzi wa kilimo, viende Taveta, viyasikilize maneno ya wakulima, kisha vipendekeze istilahi: labda "bakteria kinga", au jingine bora litakalotoka shambani lenyewe. Kazi hiyo ifanywe kabla pakiti hazijafika madukani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.