Afueni ya Nani?

Neno afueni limekuwa mtumwa wa kila msemaji. Ushuru ukipunguzwa, ni afueni. Mdaiwa akiongezewa siku saba za kulipa, hiyo nayo huitwa afueni. Mimi sikubali.

Neno hili ni ndugu wa afya, na makao yake ni kitandani kwa mgonjwa. Homa imeshuka, ameomba uji, ameketi. Tena mwenye kulithibitisha ni mgonjwa mwenyewe. Mganga aweza kuisifu dawa yake mchana kutwa. Aliyelala akisema angali anaumwa, afueni haijafika. Hata mmea huweza kuipata. Kericho ni nchi ya mvua ya mawe, na michai iliyopigwa husimama imechanika majani kama kuku aliyenyonyolewa. Machipukizi mapya yakitokeza, mkulima akisema chai yake imepata afueni hakosei, maana ushahidi umo katika mchai.

Lakini katika nchi hiyo hiyo, Kericho na Bomet, wako wanaosema kwamba mashine za kuchumia majani chai zimewaletea wachumaji afueni. Mashamba makubwa ya huko yalianzishwa katika miaka ya 1920, na kwa muda mrefu yalitegemea vidole vya watu: majani mawili na chipukizi lake, kikapu mgongoni, umande hadi magotini. Kazi ni nzito, sikatai. Ajabu ya afueni hii ni kwamba mgonjwa ameondolewa kitandani! Mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Na mchumaji akaaye katika nyumba ya mwajiri, akipoteza kazi, hupoteza na nyumba. Mwezi wa Mei 2023 watu wenye hasira walizichoma moto baadhi ya mashine hizo Kericho. Kuchoma mali sikutetei. Lakini ni nani aliyepata kuichoma dawa iliyomponya?

Lugha yetu haikukosa neno la haki. Mashine ni nafuu. Najua mgonjwa naye hupata nafuu, lakini neno hili ni la sokoni pia, na lina harufu ya faida: gharama imeshuka, mwenye shamba amenufaika. Na aseme hivyo waziwazi. Tutamwelewa, hata tusipokubaliana naye.

Mwaka huo huo wa 2023 jopo lililoundwa na serikali ya kaunti lilipendekeza asilimia 60 ya chai ichumwe kwa mashine na asilimia 40 kwa mikono. Hilo tuliite nini? Si afueni. Ni kupunguza makali, wala si zaidi: kisu kimetiwa ubutu kidogo, nacho kingali shingoni. Nalipenda tamko hilo kwa unyofu wake, kwa sababu linakiri kwamba makali yapo, na kwamba yupo anayekatwa.